Farasi wa Leonardo, na shaba iliyoishia kwenye mizinga

Leonardo da Vinci alipohama Florence kwenda Milan, mwaka 1482 hivi, akiwa na miaka 30, kuna barua ya kuomba kazi iliandikwa kwa jina lake kwenda kwa Ludovico Sforza, ambaye ndo alikuwa mkubwa wa Milan wakati huo, na mi hiyo barua naipenda kuliko hata baadhi ya michoro yake. Ni sivii ya mtu anayejua mwajiri anataka kusikia nini. Najua kutengeneza madaraja mepesi ya kubeba vitani, anasema, najua kutoa maji kwenye mahandaki mkiwa mmezingira ngome, najua kuchimba njia za chini kwa chini bila kelele, mizinga naiweza, magari ya vita yaliyofunikwa nayaweza, vita vita vita mpaka unachoka, halafu huko mwishoni kabisa ndo anakumbuka kutaja kwamba ikiwa ni wakati wa amani basi kujenga, kuchonga na kuchora nako hashindwi na mtu. Na kabla hajamaliza anarusha ndoano yenyewe: yule farasi wa shaba naye anaweza kushughulikiwa, awe heshima ya milele kwa marehemu baba yako na kwa ukoo mzima wa Sforza.

Jamaa alishapeleleza. Alijua Milan kuna tenda imelala.

Tenda yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake Ludovico, Francesco Sforza, alikuwa askari wa kukodiwa, mtu wa kupigana kwa yeyote anayelipa, akaoa binti wa mtawala wa Milan na mwaka 1450 akauchukua mji wenyewe akawa mtawala. Akafa 1466. Mwanawe mkubwa Galeazzo Maria akataka kumwekea mzee sanamu akiwa juu ya farasi, hiyo ni 1473, lakini kabla halijafanyika la maana Galeazzo Maria mwenyewe akauawa kwa visu kanisani, siku moja baada ya Krismasi ya 1476. Mrithi alikuwa mtoto wa miaka 7, Gian Galeazzo, na baada ya vuta nikuvute za pale ikulu baba mdogo Ludovico akashika usukani toka 1480 na hakuuachia tena. Kwenye makaratasi mtawala wa Milan ni mtoto, kwenye kila kitu kingine ni baba mdogo.

Sasa hapo ndo umwelewe yule farasi. Ukoo ambao juzi tu ulikuwa wa askari wa kukodiwa, na ndani ya ukoo huo kuna mtu amekalia kiti cha mtoto wa kaka yake, mtu kama huyo anahitaji sana kitu kikubwa pale mjini kitakachowaambia watu kwamba sisi ndo wenyewe. Huyu farasi huwa anasimuliwa kama stori ya msanii mvivu asiyemaliza kazi. Mi kila nikiisoma naona ni stori ya mteja.

Haya, uvivu kidogo ulikuwepo, tusimtetee mpaka tukapitiliza. Wazo lake la kwanza lilikuwa farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele iko hewani, kuna mchoro wake pale ngome ya Windsor, Uingereza, kwenye karatasi ya bluu, farasi kainuka, mpandaji kajipinda nyuma, na chini ya kwato kuna askari kaanguka chali. Ukiangalia haraka unadhani yule askari ni wa kuonyesha ushindi tu. Kumbe yule ndo nguzo! Sanamu nzito vile haiwezi kusimama kwa miguu miwili myembamba ya nyuma, lazima kitu kingine kishike kule mbele, kwa hiyo Leonardo kamweka adui pale abebe mzigo. Ni akili, lakini ni akili ya kwenye karatasi. Farasi mkubwa wa shaba aliyesimama kwa miguu ya nyuma alikuja kupatikana 1640, kazi ya Pietro Tacca, yule wa mfalme Filipo wa 4 aliyepo Madrid mpaka leo. Miaka 150 baadaye.

Ikafika Julai 1489, balozi wa Florence pale Milan, Piero Alamanni, akamwandikia Lorenzo de' Medici, mkubwa wa Florence, kwamba Ludovico anaomba atafutiwe fundi mmoja au wawili wanaojiweza kwa kazi ya sanamu, maana Leonardo kapewa ila haonekani kama ana uhakika wa kuimaliza. Yaani bosi wako anatafuta mtu wa kukurithi kwa siri, tena anamtafuta nyumbani kwenu. Miaka saba ilikuwa imepita. Mi ningekuwa Ludovico nadhani ningetafuta mapema zaidi.

Sijui kama zile habari ndo zilimgutusha ila mwaka uliofuata mtu akabadilika kabisa. Tarehe 23 Aprili 1490 anaandika kwenye daftari kwamba leo ameanza kitabu hiki na ameanza tena farasi. Juni akaenda Pavia, kule kulikuwa na sanamu ya kale ya shaba toka enzi za Warumi, wakiiita Regisole, farasi anayetembea. Leonardo akaandika kwamba cha kusifiwa pale kuliko vyote ni mwendo wake. (Hiyo Regisole usiitafute, wanamapinduzi waliivunja 1796.) Toka hapo habari ya farasi wa kuinuka ikaisha, akaja farasi wa kutembea, mguu mmoja wa mbele umekunjwa juu, na hapo ukubwa ndo ukapanda: mikono 12 ya kwao, zaidi ya mita 7, na hiyo ni farasi peke yake, mpandaji hajawekwa.

Akawa anashinda kwenye mazizi ya wakubwa. Galeazzo Sanseverino, mkwe wa Ludovico, alikuwa na farasi wazuri na Leonardo akawa anaenda kuwapima, mmoja mmoja, kwa jina. Kuna karatasi ina mguu wa mbele wa farasi mmoja aliyeitwa Siciliano, mguu tu, umechorwa kwa pembeni na umejaa mistari ya vipimo toka kwato mpaka juu begani, hapa unene kiasi gani, hapa goti linaanzia wapi, na kipimo chake siyo futi wala nini, ni kichwa cha farasi huyohuyo kimegawanywa sehemu ndogondogo. Ukiikazia macho ile karatasi neno uvivu linakuwa gumu kulitamka. Huyu mtu alikuwa anatafuta farasi ambaye hayupo kwenye zizi lolote, paja la huyu, shingo ya yule, na anataka vyote viingiane.

Halafu akamjenga kwa udongo, saizi ileile kamili, pale Corte Vecchia jirani na kanisa kuu. Novemba 1493 kulikuwa na harusi kubwa, Bianca Maria Sforza, mtoto wa kaka yake Ludovico, anaolewa na Maximilian, mtawala wa Wajerumani, na farasi wa udongo akaonyeshwa kwenye sherehe hizo. Watu walichanganyikiwa. Washairi wa ikulu wakaandika mashairi. Kwa Ludovico kazi nusu ilishafanyika siku ile, wageni wa Ulaya nzima wameona Sforza wana farasi mkubwa kuliko wa mtu yeyote, hata kama ni wa udongo.

Kilichobaki ni kusubu, kuyeyusha shaba nyeusi na kuimimina, na hapa ndo penye utamu wote wa hii stori, naomba mnivumilie.

Mambo haya hatukuyajua vizuri kwa mamia ya miaka mpaka miaka ya 1960, pale daftari mbili za Leonardo zilipoonekana kwenye maktaba ya taifa ya Hispania mjini Madrid, zilikuwemo humohumo ndani muda wote ila zimewekwa sehemu siyo. Kwenye moja kuna kurasa za farasi tupu, zilizoanza Mei 1491. Wenzake walikuwa wanasubu sanamu kubwa vipandevipande halafu wanaunga. Yeye akasema hapana, wangu namimina mara moja, mzima. Na njia aliyoipanga ni hii: unamfunika farasi wa udongo kwa kalibu ya nje iliyogawanyika vipande, unaifungua, ukutani kwa ndani unapaka nta unene uleule unaotaka shaba yako iwe nao, kote sawa, halafu katikati unajaza kiini cha udongo unaovumilia moto na vyuma vya kuushikilia. Ukimaliza unafungua tena, unabandua nta, unafunga. Sasa kati ya kalibu na kiini kuna nafasi nyembamba kama ganda la yai, na shaba inaingia hapohapo tu. Uzuri wake ni kwamba yule farasi wa udongo haharibiki, ikigoma unarudia, tena unajua mapema shaba itakuwa nene kiasi gani, hivyo unajua utaagiza kiasi gani. Fundi yeyote anayewahi kumimina chuma atakwambia hayo mawili ni usingizi wa amani.

Kuna ukurasa mmoja wenye mchoro wa chaki nyekundu, kalibu ya kichwa na shingo, imefungwa kwa fito za chuma na kulabu kama mzigo wa kusafirishwa, na ndani yake unaona kabisa umbo la shingo ya farasi limekaa. Nauangalia mara kwa mara. Hauna madoido yoyote, ni maelekezo kwa mafundi tu.

Kisha ukaja mtihani wa maji. Mpango ulikuwa kumzika farasi shimoni kichwa chini miguu juu, shaba iingie na hewa itokee kwenye miguu. Lakini farasi wa mikono 12 anataka shimo refu kiasi hicho, na Milan ni mji wa maji, ukichimba kidogo tu unayakuta, Leonardo akapiga hesabu akaona shimo lake litabakiza mkono mmoja tu kufika kwenye maji. Unyevu kwenye kalibu halafu umimine shaba iliyoyeyuka, hapo haipasuki kalibu tu, wanaondoka na watu. Kwa hiyo tarehe 20 Desemba 1493 anaandika kwamba ameamua: farasi asubiwe akiwa amelala ubavu, na bila mkia. Mkia utafanywa peke yake. Akachora matanuru, njia za kupitishia shaba iingie toka sehemu nyingi kwa wakati mmoja isije ikaganda njiani, mashine za kumshusha na kumnyanyua. Mtu aliyekata tamaa haandiki vitu hivi.

Shaba ilikuwa inakusanywa, tani kama 70 hivi ndo zinazotajwa.

Mwaka 1494 mambo yakaharibika kwa kasi. Mfalme wa Ufaransa, Charles wa 8, akaingia Italia na jeshi kwenda kudai ufalme wa Napoli, na aliyemchochea aje ni Ludovico huyuhuyu, alidhani itamsaidia kwenye ugomvi wake na wa Napoli. Oktoba yule mtoto wa kaka, Gian Galeazzo, akafa akiwa na miaka 25, na Ludovico akawa mtawala rasmi, cheo na jina. Novemba shaba ya farasi ikapelekwa Ferrara kwa baba mkwe wake, Ercole d'Este, ikawe mizinga.

Angalia hiyo kalenda. Oktoba kapata cheo, Novemba shaba imeondoka. Najua sababu ya karibu ni vita, Wafaransa wapo ndani ya nchi na kila mtu anatafuta mizinga, sikatai. Lakini mi naona pia kwamba farasi alikuwa kampeni, na kampeni ikishashinda nani anaendelea kulipia mabango? Ludovico alipokuwa baba mdogo tu alimhitaji yule farasi kuliko Ludovico mwenye cheo. Kama angekuwa bado anamhitaji kama 1490, nadhani ingetafutwa shaba nyingine kwa ajili ya mizinga.

Leonardo alilijua hilo kuliko sisi. Kuna rasimu ya barua yake kwa Ludovico ya miaka ya baadaye kidogo, karatasi imechanika kwa urefu katikati kwa hiyo unasoma nusu sentensi, nusu sentensi, analalamika mshahara wa miaka miwili hajalipwa, na kwenye mojawapo ya hizo nusu kuna maneno haya: habari ya farasi sitasema kitu, maana najua nyakati zilivyo. Basi. Miaka zaidi ya kumi ya kazi, imeishia kwenye mstari mmoja wa adabu, katikati ya madai ya mshahara. Wakati huohuo alikuwa anachora Karamu ya Mwisho kwenye bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie, ambayo aliimaliza kama 1498, kwa hiyo wale wa habari za hamalizi kazi na hilo walitafutie maelezo.

1499 Wafaransa wakarudi, safari hii chini ya Louis wa 12 na safari hii wanaitaka Milan yenyewe. Ludovico akakimbia, akarudi, akakamatwa Novara Aprili 1500 na kufia kifungoni Ufaransa 1508. Wapiga mishale toka Gascogne walioingia mjini wakamkuta farasi wa udongo amesimama, wakamfanya shabaha ya kujifunzia. Mvua ikaingilia zile tundu na baridi ikamalizia.

Sasa sikiliza hii. Septemba 1501 kuna mtu anaandika kwa Wafaransa pale Milan kuomba apewe kile kiumbe cha udongo, anasema kinazidi kuharibika kila siku kwa sababu hakuna anayekijali, na yeye ana mpango wa kuwa na sanamu yake mwenyewe ya farasi. Nani? Ercole d'Este wa Ferrara. Huyohuyo aliyepelekewa shaba! Alikula nyama, sasa anaomba na ngozi. Jibu lilikuwa la kistaarabu, kwamba sisi hatuna neno ila mfalme mwenyewe ameshaiona kwa hiyo hatuwezi kuitoa bila kumuuliza, na ikaishia hapo, na farasi akaishia hapo.

Leonardo alishaondoka Milan toka Desemba 1499. Florence hakupokelewa kwa pole. Mwandishi mmoja wa zamani ambaye jina lake halijulikani anasimulia kwamba siku moja watu wanabishana mtaani kuhusu mistari ya mshairi Dante, wakamuuliza Leonardo, mchongaji Michelangelo naye akawa anapita, Leonardo akasema Michelangelo atawaeleza. Michelangelo akadhani anachezewa akamjibu waeleze mwenyewe, wewe uliyechora farasi wa kusubu kwa shaba ukashindwa ukaacha kwa aibu. Akageuka akaondoka, na Leonardo uso ukawa mwekundu. Michelangelo ambaye kaburi la papa Julius lilimtesa miaka 40 likaishia kuwa robo ya lilivyopangwa, yeye ndo wa kusema!

Vasari naye kwenye kitabu chake cha wasanii ameweka uvumi kwamba Leonardo alimfanya farasi mkubwa makusudi ili asimalizike. Huo uvumi mi siuamini kabisa. Mwaka 1692 jijini Paris, Balthasar Keller alisubu sanamu ya Louis wa 14 juu ya farasi, kubwa karibu ya hiyo ya Milan, mpandaji na mnyama pamoja, kwa mmimino mmoja. Ikatoka. Kwa hiyo wazo halikuwa la kichaa, lilikuwa limewahi miaka 200. Kama Leonardo angefanikiwa siku ile ya kumimina ni jambo jingine, mi binafsi naona mara ya kwanza ingemgomea, ndo maana akataka farasi wa udongo abaki salama. (Ya Keller nayo iliangushwa 1792 kwenye mapinduzi ikayeyushwa, shaba haina urafiki na mtu.)

Leonardo alikuja kupewa tenda nyingine ya farasi, baadaye kidogo, hapohapo Milan. Mteja safari hii ni Gian Giacomo Trivulzio, jenerali aliyewaongoza Wafaransa kumng'oa Ludovico. Nayo haikufika popote. Nampenda huyu mzee kwa kukubali tu.

Karne ya 20 ikaleta mteja wa ajabu kuliko wote, rubani wa ndege za abiria wa Pennsylvania, Marekani, Charles Dent, aliyesoma makala ya jarida mwaka 1977 kuhusu farasi asiyewahi kuwepo na akaona Italia inadaiwa farasi. Akaanzisha taasisi, akachangisha, akaanza kufinyanga mwenyewe, akafa 1994 kabla hajaona kitu. Mfano wake ukaonekana una kasoro, akaitwa mchongaji Nina Akamu akaanza upya, na 10 Septemba 1999 farasi wa shaba wa mita 7 na kitu akazinduliwa Milan, mwingine pacha wake akabaki Grand Rapids, Michigan. Tani kama 15. Kasubiwa vipandevipande na kuungwa, na ndani ana mifupa ya chuma cha pua, yaani kwa njia ileile Leonardo aliyoikataa.

Wa Milan hawakumweka karibu na ngome ya Sforza. Wamemweka San Siro, kwenye uwanja wa mbio za farasi, ule mtaa ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu ya AC Milan na Inter na hatujui kama una kitu kingine. Nilienda na binamu yangu ambaye anaishi huko na alikuwa hajawahi kumwona, na yeye kila wikendi yupo uwanjani pale jirani. Ukisimama chini yake ile kwato iliyonyanyuliwa iko juu ya kichwa chako, na kinachokushangaza siyo urefu, ni kifua, unaona kabisa ukubwa wa kazi iliyotakiwa kuingia shimoni kwa mpigo mmoja. Uso sikuupenda, una hasira za sinema hivi, midomo wazi, wakati wale wa kwenye karatasi za Leonardo wana utulivu fulani wa mnyama aliyezoea kupimwa. Akamu alikuwa na haki yake, mchoro wa mwisho wa farasi mzima haupo, ilibidi achague, na sehemu kubwa ya mwili kaiweza.

Binamu yangu akauliza mbona hana mtu juu. Swali zuri. Hakuna aliyemrudisha Francesco Sforza, siyo Milan siyo Michigan, na taasisi nzima ya wachangiaji haikuona kama kuna upungufu, wakati kwa Ludovico mzee ndo alikuwa sababu ya kila kitu na farasi alikuwa kiti tu. Nilianza kumweleza habari za askari wa kukodiwa na baba mdogo ila nikaona macho yake yapo kwenye saa, kulikuwa na mechi.

Ukitaka kwenda panda metro namba 5, shuka San Siro Ippodromo, mi niliingia bure. Siku ya mechi usijaribu kurudi mjini kwa treni ile baada ya filimbi ya mwisho, bora utembee.